Gari la Nguvu au Gari Jepesi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Gari la Spoti kwa Barabara za Nakuru, Kisumu na Magharibi

Anayetafuta gari la spoti huku kwetu hujikuta mbele ya makundi mawili. Kuna magari ya nguvu: Subaru WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Golf R, Mark X ya lita 3.5. Halafu kuna mepesi yanayokata kona upesi: Suzuki Swift Sport, Mazda Roadster, Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ. Vijiweni mjadala huishia kwenye idadi ya farasi, yaani kipimo cha nguvu za injini, na mwenye kutaja namba kubwa ndiye huondoka na ushindi. Hapa tutaanzia kwingine: barabara unazopita, mwinuko wa mahali unapoishi, na kilo ambazo injini, breki na mfuko wako vitabeba kila siku.

Nina upande wangu na nitausema mapema. Kwa wengi wanaoishi kati ya Nakuru na Busia, gari jepesi lenye tabo ndogo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) ndilo jibu. Lakini wapo ambao jibu hilo litawaumiza, na nitawataja pia.

Hatua ya 1: Andika barabara unazopita, si unazoota

Chukua karatasi uorodheshe safari za mwezi uliopita. Mwalimu wa Njoro anayeingia Nakuru kila asubuhi na kwenda kwao Mbale mara moja kwa mwezi ana orodha tofauti kabisa na mfanyabiashara wa Kisumu anayepanda Nairobi kila wiki. Kando ya kila safari andika mambo matatu: lami au murram, uko peke yako au na watu, na kama unapanda au unateremka mlima.

Ukimaliza, tazama ni nini kinachojirudia. Ukiona mji, matuta na safari fupi, nguvu nyingi ni mzigo mtupu. Ukiona barabara kuu ya A8 kutoka Nakuru kupitia Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, malori yatakuwa ndiyo mtihani wako. Anayepita Iten kwenda Kabarnet, au Chemelil kupanda Nandi Hills, anaishi kwenye kona, na huko uzito ndio unaoamua. Na ikiwa nusu ya orodha ni murram, acha makundi yote mawili, utafute Forester XT. Gari hilo lina nafasi ya milimita 220 chini ya tumbo, wakati Toyota 86 lina 130 na Swift Sport lina 120 tu.

Hatua ya 2: Gawanya farasi kwa tani, kisha uondoe mwinuko

Hii ndiyo hatua ambayo wauzaji hawaigusi, na ndiyo ninayotaka ukae nayo muda mrefu.

Farasi peke yao hawasemi kitu. Gawanya idadi yao kwa uzito wa gari kwa tani. STI ya soko la Japani, farasi 308 na takriban kilo 1,490, inatoa farasi 207 kwa tani. Toyota 86 la kwanza, farasi 200 na kilo 1,230 hivi, linatoa 163. Swift Sport ya kuanzia 2017, ile ya lita 1.4 yenye tabo, ina farasi 140 na kilo 970, hivyo inatoa 144. Sasa weka Mark X ya lita 2.5, gari ambalo mtaani linahesabiwa kuwa chuma: farasi 203 kwa kilo zipatazo 1,510. Hiyo ni 134. Swift ndogo imeipita Mark X kabla hata hatujaondoka kwenye karatasi.

Hesabu hizo lakini ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo huvuta hewa jinsi ilivyo, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kwa hiyo hasara ni kama asilimia 11. Nakuru, kwenye mita 1,850, unapoteza 18. Eldoret, mita 2,100, unapoteza 21. Timboroa ukipita, zaidi ya robo ya farasi ulionunua hawapo.

Rudi kwenye karatasi. Toyota 86 likiwa Nakuru lina farasi 164 tu, yaani 133 kwa tani. Mark X ya lita 2.5 inashuka hadi 110. Swift Sport ina tabo, na tabo huisukuma hewa ndani ya injini, kwa hiyo hasara yake ni ndogo, ingawa tabo huchelewa kidogo kuamka na hufanya kazi zaidi. Hata ukiikata asilimia 5 bado ina 137. Maana yake ni kwamba gari lililokuwa nyuma kule Mombasa liko mbele Nakuru. Kisumu yanakaribia kulingana. STI nayo ina tabo, hivyo inabaki juu ya wote popote ulipo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kutoka Nakuru kwenda juu, usinunue gari la spoti lisilo na tabo kwa sababu ya farasi wake. Linunue kwa sababu ya usukani wake, na ukubali kwamba mlimani litahema. Roadster ya lita 1.5 ni gari tamu sana kuendesha kandokando ya ziwa huko Kisumu. Likipanda kwenda Timboroa utakuwa unashindana na matatu, na si kila siku utashinda.

Anayedhani wepesi ni wa magari ya kike, kama wengine wanavyopenda kusema, akumbuke Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Alishinda Safari Rally ya 1974 kwa Lancer ya lita 1.6, na nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche 911.

Hatua ya 3: Pima unachohitaji kupita lori

Hoja kubwa ya wenye magari ya nguvu ni malori ya A8, na ni hoja ya kweli. Sehemu kubwa kuelekea Mau Summit ina njia moja kila upande, na lori lililojaa hupanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Tuipige hesabu badala ya kubishana.

Chukulia lori la mita 17 linakwenda kilomita 40 kwa saa. Unaanza mita 20 nyuma yake, unarudi kwenye njia yako mita 20 mbele yake. Pamoja na urefu wa gari lako, una mita 61 za kulipita. Gari la mbele yako linakuja kwa kilomita 100 kwa saa.

Gari la kawaida la lita 1.3, likiongeza mwendo taratibu mlimani, litachukua kama sekunde 10. Katika muda huo wewe na anayekuja mtakuwa mmekula mita 450 za barabara. Swift Sport itachukua kama sekunde 7, na mtakula mita 333. STI itachukua sekunde 5 na nusu, mita 275.

Tazama tofauti. Kutoka gari la kawaida hadi gari jepesi la spoti umeokoa karibu mita 120. Kutoka jepesi hadi STI umeokoa mita 60 hivi, na kufikia hapo STI iko karibu kilomita 120 kwa saa, wakati kiwango cha juu kabisa kwa gari dogo ni 110. Nusu ya pili ya nguvu yake huwezi kuitumia bila kuvunja sheria. Mita 60 si kitu cha kudharau. Kwa mtu anayepita njia hiyo mara mbili kwa wiki, ni sababu halali ya kununua gari la nguvu. Kwa anayepita Krismasi na Pasaka, akae nyuma ya lori dakika mbili zaidi.

Ila jambo moja halimo kwenye hesabu: lori kubwa linapokupita kwa kasi upande wa pili, upepo wake huisukuma gari ya kilo 970. Utaisikia mikononi. Na ikitokea mgongano, gari jepesi ndilo linalopokea pigo kubwa zaidi, hakuna ujanja hapo. Ukichagua wepesi, chagua lenye mifuko ya hewa kamili na udhibiti wa utelezi wa kielektroniki, na usikubali gari ambalo mwenyewe amezing'oa.

Hatua ya 4: Fikiria kuteremka kabla ya kupanda

Watu hununua injini na kusahau breki. Iten iko juu ya mita 2,400. Ukiteremka kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio umeshuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona mfululizo, na nishati yote hiyo lazima iishie mahali. Isipoishia kwenye injini, huishia kwenye diski za breki, na kiasi chake kinafuata uzito moja kwa moja. Gari la kilo 1,490 linazipa breki joto mara moja na nusu ya lile la kilo 970, hata kama madereva wote wawili ni wapole.

STI ina breki kubwa zilizoundwa kwa kazi hiyo, zikiwa katika hali nzuri. Shida ni Mark X au sedani nyingine nzito iliyofungwa pedi za bei rahisi na mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu Japani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka, na yakichemka kanyagio linazama hadi sakafuni. Hapo farasi 203 hawana msaada wowote kwako.

Kwa gari lolote utakalochagua: badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, tumia DOT 4, na teremka kwa gea ile ile ambayo ungepandia. Sachangwan imeua watu wengi kwa sababu ya madereva walioachia magari yaserereke bila gea ili kuokoa mafuta.

Hatua ya 5: Hesabu abiria na mizigo

Wepesi ni mali inayoisha haraka. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Kwa Swift Sport hiyo ni karibu asilimia 29 ya uzito wake; kwa STI ni asilimia 19. Ukiongeza gunia la viazi kutoka Molo, ile gari iliyokuwa inaruka kona sasa inakokota tumbo kwenye matuta ya Kiboswa. Kwa hiyo kama karatasi yako ya hatua ya kwanza imejaa safari za familia nzima kwenda ushago, gari la nguvu lenye milango minne na buti la maana lina haki yake.

Roadster ina viti viwili. Usimweleze mama mkwe, atagundua mwenyewe.

(Na tukisema ukweli, gari jepesi linaloendeshwa kwa ukali kuliko yote magharibi mwa Kenya ni Probox. Ina kilo elfu moja na kidogo, injini ya lita 1.5, na dereva ambaye anaijua kila kona ya Kakamega kwa jina. Ukiona imekupita Chavakali, usiifuate.)

Hatua ya 6: Mvua, vumbi na matuta

Kericho mvua ya alasiri ni desturi. Katika mvua, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne kama STI lina faida kubwa kwenye kona na kwenye matope yanayoachwa na trekta za majani chai. Toyota 86 na Roadster husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiongeza mafuta mapema kwenye kona iliyolowa, nyuma itataka kuwa mbele. Swift Sport huvutwa na ya mbele na husamehe zaidi.

Gari jepesi usilifunge matairi mapana kupita yale ya kiwandani. Vijana hufanya hivyo kwa urembo, halafu tairi linaelea juu ya maji badala ya kuyakata. Swift Sport hutumia 195/45 za inchi 17, na inatosha. STI hutumia 245/40 za inchi 18. Ulizia bei ya seti zote mbili kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu tofauti hiyo utailipa tena na tena.

Ukuta mwembamba wa tairi haupendi mashimo. Hapa makundi yote mawili yanaumia sawasawa.

Hatua ya 7: Pesa

Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Lancer Evolution X haliundwi tena muda mrefu, kwa hiyo haliagiziki. Utalipata kwa mtu hapa nchini, na mtu huyo hakulinunua ili aende nalo kanisani tu. Swift Sport mpya kidogo, kwa upande mwingine, unaweza kuiagiza ikiwa na karatasi ya mnada inayoonyesha historia yake.

Ushuru hupanda ngazi kwa ukubwa wa injini, na injini ya sisi (cc) 1500 ni mojawapo ya ngazi hizo. Swift Sport na Roadster ya lita 1.5 ziko chini yake. 86 na STI ziko juu. Mark X ya lita 3.5 iko kwenye ngazi nzito zaidi. Kumbuka pia KRA, mamlaka ya ushuru, hukokotoa kwa bei iliyo kwenye orodha yake yenyewe, ikipunguzwa kwa umri wa gari. Bei nzuri uliyoipata mnadani Japani haiwahusu.

Petroli ni jambo ambalo wenye tabo kubwa hulipuuza. Injini kama ile ya STI ya Japani iliundwa ikitegemea petroli ya daraja la juu ya huko, inayofika okteni 100 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo). Ya kwetu haifiki. Injini ikisukumwa sana kwa mafuta ya okteni ya chini huanza kugonga, yaani mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni za injini ile hazivumilii kugonga. Ukinunua STI iliyoongezwa nguvu na fundi wa mtaani, umenunua pia hofu ya kila mlima. Tafuta iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, hata kama ni ghali zaidi.

Spea za Subaru na Toyota zinapatikana Nakuru na Kisumu bila shida kubwa, na mafundi wanaozijua wapo. Golf R inataka fundi mwenye kompyuta yake na gia ya klachi mbili anayoielewa. Kabla ya kununua, mpate fundi huyo kwanza, umuulize ni lini mara ya mwisho alifungua gia ya namna hiyo. Akisita, umepata jibu.

Bima nayo: piga simu kwa ajenti ukiwa na namba ya modeli kamili. STI na Impreza ya kawaida zinaweza kufanana machoni, lakini kwenye fomu hazifanani, na marekebisho ambayo hukuyataja ni sababu nzuri ya kukunyima fidia.

Hatua ya 8: Jaribu yote mawili siku moja, njia moja

Usilijaribu la nguvu leo na jepesi wiki ijayo. Kumbukumbu hupendelea kelele. Kisumu, toka Kondele upande Riat hadi Kiboswa, urudi. Nakuru, toka mjini kuelekea Njoro, na ukiweza fika Mau Narok ambako mlima unaanza kusema. Fanya hivyo kwa kila gari, ukiwa na mtu wa pili ndani.

Fika gari likiwa limepoa. Weka mkono kwenye boneti kabla muuzaji hajakusalimia. Likiwa moto, amelichemsha ili usisikie injini baridi. Liwashe, sikiliza kugonga, tazama bomba la moshi. Moshi wa bluu unaotokea unapoachia mafuta na kukanyaga tena ni dalili ya oili kupita kwenye tabo au kwenye pistoni. Kwa gari la tabo kubwa lipia kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote zikaribiane. Panda mlima kwa gea ya nne ukiwa na mwendo mdogo, kisha kanyaga hadi mwisho: injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza.

Kwa gari jepesi, adui ni ajali iliyofichwa. Inua zulia la buti, tafuta mikunjo na rangi mpya. Achia usukani kidogo kwenye lami tambarare uone kama linavuta upande. Pita tuta polepole ukiwa umefungua dirisha; bushi na shokabu zilizokufa hujitaja zenyewe. Kwenye karatasi ya mnada, herufi R mahali pa daraja ina maana gari liligongwa likatengenezwa.

Baada ya hapo jiulize swali moja kwa kila gari: ni mara ngapi nimekanyaga hadi mwisho? Kwa jepesi utakuwa umekanyaga mara nyingi, ndani ya sheria, ukicheka. Kwa la nguvu, pengine mara moja, sekunde tatu, kisha ukaogopa boda boda aliyekuwa akitoka pembeni.

Anayepita A8 kila wiki na familia, anayeishi upande wa Kericho wenye matope, na mwenye fundi anayemwamini wa Subaru, achukue STI ambayo haijaguswa. Wa milima ya Nandi na Elgeyo, peke yake au wawili, achukue Swift Sport. Wa Kisumu anayependa usukani kuliko mwendo anaweza kuchukua 86 bila majuto. Na mwenye pesa za kutosha aangalie Toyota GR Yaris ya toleo la kwanza: farasi 272, kilo 1,280, tabo, magurudumu manne yanayovuta. Hiyo imemaliza ubishi, ila si kwa bei ya wengi wetu.

Ukishaamua, ingia eCitizen ufanye utafutaji wa namba ya usajili kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chasisi ilingane na iliyochongwa kwenye gari, na kusiwe na benki iliyoshikilia logbuku. Mpaka hayo matatu yatimie, usitoe hata arubuni.